Nyumba Iliyouzunguka Moto

Marehemu baba yangu, aliyefanya kazi ya uashi katika mji huu wa Gisenyi tangu ujana wake hata siku mikono yake iliposhindwa kushika mwiko, alikuwa na desturi iliyowatahayarisha wenyeji wake mara nyingi: kila alipoingia katika nyumba asiyoijua, akiisha kutoa salamu na kujuliwa hali, na kabla hajakubali kukaa juu ya kiti alichowekewa, aliomba ruhusa kwa adabu nyingi aonyeshwe mahali unapowashwa moto. Wanawake walidhani amekuja na njaa, na wanaume walidhani amepungukiwa na haya. Lakini yeye alisimama mbele ya mafiga au mbele ya jiko, akatazama juu ulikokwenda moshi, akagusa ukuta kwa kiganja, kisha akarudi barazani ametosheka, mfano wa tabibu aliyekwisha kushika mshipa wa mgonjwa. Nilipomwuliza sababu yake, alinijibu kuwa milango na madirisha husema vile mwenye nyumba anavyotaka asemwe, ilhali moto husema vile anavyoishi.

Maneno hayo niliyaweka akibani kama mtu awekavyo ufunguo asiojua ni wa mlango gani, na mlango wake niliukuta mbali sana na Ziwa Kivu la kwetu, katika jimbo la Suffolk, mashariki ya Uingereza, nilikokaribishwa mwezi wa Novemba kwa siku nne katika nyumba ya shamba ya matofali, ambayo wenyeji wangu walinisimulia kuwa kiini chake kilijengwa katika zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Ilikuwa nyumba ndefu, ya kimo cha wastani, iliyoelekea kusini kupokea jua haba la nchi ile. Paa lake lenye mwinamo mkali liliezekwa vigae, na katikati ya mgongo wa paa ilitoka dohani moja pana, iliyogawanyika juu kuwa midomo minne, nzito kuliko kitu kingine chochote katika jengo lile, hata mtu aliyeitazama toka mbali aliona kana kwamba nyumba nzima ilijengwa ili kuishika dohani isianguke. Nilitazamia kuona wekundu wa namna moja, nami nikaona ukuta wenye rangi nyingi kama ngozi ya mzee: tofali hili la kutu, lile la pilipili iliyokaushwa, na baadhi yake, yaliyokaa karibu mno na moto wa tanuri, yamegeuka kuwa ya samawati na kung'aa kama kioo, na mwashi wa kale aliyachagua kwa makusudi akayapanga mishazari juu ya wekundu, yakafanya nakshi ambayo haikumgharimu mwenye nyumba ila subira ya fundi. Nikaisha kuamkiana na watu, nikaomba nionyeshwe moto.

Yapasa msomaji ajue kwamba mkulima wa Kiingereza wa zama za kale hakuwa na dohani. Nyumba yake ilikuwa ukumbi mmoja mrefu uliofika juu hata kwenye paa, wenye nguzo za mwaloni na kuta za fito zilizokandikwa udongo, na moto wake uliwaka katikati ya sakafu, mchana kutwa na usiku kucha, nao moshi ulipanda taratibu gizani, ukatafuta njia yake katika manyasi ya paa au katika tundu lililoachwa kwa ajili yake. Nilipandishwa kwenye dari ya nyumba moja jirani, ambayo mifupa yake ni ya zamani kuliko kuta zake, nikaonyeshwa kwa tochi boriti zilizojaa masizi meusi yaliyogandamana, masizi ya chakula cha watu waliokufa kabla Mreno hajafika Malindi. Nikanyosha kidole kuyagusa, na harufu iliyobaki kidoleni ilikuwa harufu ya nyumba ya bibi yangu mzaa mama, huku kwetu Bugoyi, nyumba ya msonge iliyosukwa kwa fito na kuezekwa kwa nyasi, ambayo moto wake nao ulikaa kati, na moshi wake nao ulitoka popote ulipopenda, ukiua wadudu wa paa na kuukausha mtama uliotundikwa juu. Tangu hapo sikuweza tena kuitazama nyumba ile kama nyumba ya kigeni.

Dohani ilikuja kwa wakulima katika karne ya 16, na tunaye shahidi mwaminifu wa kuja kwake. William Harrison, kasisi wa kijiji cha Radwinter katika Essex, aliandika mwaka 1577 kuwa wazee waliokuwa wakiishi kijijini kwake walihesabu mambo matatu yaliyogeuka ajabu katika umri wao, na la kwanza lilikuwa wingi wa dohani zilizosimamishwa. La pili ni malazi, maana wao walilala juu ya mabua na gogo chini ya kichwa, na sasa watoto wao wamepata mito. Na la tatu ni vyombo vya mezani, vilivyotoka katika mti vikawa vya madini. Nalipenda sana jambo hili, kwamba wazee waliokwisha kuona wafalme wakipokezana kiti na dini ya taifa ikigeuzwa zaidi ya mara moja, walipoulizwa dunia imegeuka wapi, walionyesha kwa kidole njia ya moshi.

Na tofali liliingia katika nyumba ya mkulima kwa njia hiyo hiyo. Watu wengi huwaza kuwa kuta za matofali zilitangulia na dohani ikafuata kama pambo la juu. Kumbe, katika nyumba nyingi, mambo yalikwenda kinyume. Ufundi wa kuchoma matofali uliletwa Uingereza na Warumi, ukapotea walipoondoka mwanzo wa karne ya 5, na kwa mamia ya miaka Waingereza walijenga kwa kuokota matofali ya Warumi katika magofu. Ulirejea polepole kwa athari ya watu wa Flanders walio ng'ambo ya bahari, na hapo Suffolk ipo nyumba ya bwana mmoja, Little Wenham Hall, ya karne ya 13, iliyo miongoni mwa nyumba za matofali za kale kabisa zilizosalia nchini humo. Lakini tofali lilikuwa mali ya makasri na makanisa. Mkulima alilihitaji mara ya kwanza pale alipotaka kuukusanya moshi wake, kwa kuwa tofali limekwisha kupita motoni na halina hofu nao. Basi akajenga nguzo kubwa ya matofali ndani ya nyumba ya miti na udongo, na nguzo hiyo ikasimama kati ya kuta dhaifu kama mgeni tajiri katika karamu ya maskini, hata watoto wake au wajukuu wake, walipopata nafuu ya mavuno na bei nzuri ya nafaka, wakazivua kuta zile udongo wake na kuzivika matofali ili zifanane na dohani. Kwa hiyo nathubutu kusema kuwa nyumba ya shamba ya matofali ni mtoto wa dohani yake, naye mtoto amefanana na mzazi kwa rangi na kwa tabia.

Moshi ulipokwisha kupata njia yake, hewa iliyo juu ya ukumbi ikawa tupu na safi, na mkulima hakukawia kuitumia: alitandaza sakafu ya mbao kati ya boriti, akapata vyumba vya juu, akajenga ngazi ya kujipinda ubavuni mwa dohani, penye joto. Mlango mkubwa aliuweka ukielekea dohani yenyewe, hata mgeni akiingia hukutana uso kwa uso na ukuta wa matofali, na hapo alipo, kabla hajavua koti, huamuliwa daraja yake. Akipelekwa upande mmoja ni jikoni, akipelekwa upande wa pili ni sebuleni, na meko mawili yamepeana mgongo ndani ya nguzo ile moja, kila moja likipasha watu wake. Jiko la nyumba niliyolala lilikuwa pana kiasi cha watu wawili kukaa ndani yake, juu ya viti vya matofali vilivyojengwa huku na huku ya moto, chini ya boriti ya mwaloni iliyobeba uzito wote wa juu. Na katika ukuta wa ndani, kwa kimo cha mkono wa mtu aliyeketi, palikuwa na shubaka dogo lenye kifuniko cha mbao, la kuwekea chumvi isipate unyevu. Nilicheka kwa furaha nilipoliona, maana mashubaka ya nyumba za Lamu na Pate, yaliyopangwa safu juu ya safu kwa lipu nyeupe iliyochorwa nakshi, yalinijia mara moja mbele ya macho: huko ya vyombo vya fahari, hapa ya chumvi, na fundi aliyeyafikiria amewaza wazo lile lile, kwamba unene wa ukuta usipotezwe bure.

Lakini sharti niseme na upande wa pili. Ule ukumbi wa moshi, pamoja na kikohozi chake na macho yake mekundu, uliwaweka bwana, mkewe, watoto na watumishi mbele ya moto mmoja. Dohani iliwapa pumzi na ikawatenga. Na serikali nayo iliuliza moto uko wapi, kwa haja yake: tangu 1662 hata 1689 kila meko lilitozwa shilingi mbili kwa mwaka, kisha ikageukia madirisha, tangu 1696 hata 1851, watu wakaziba baadhi ya madirisha yao kwa matofali, na vipofu hivyo vya ukutani vipo hata leo, kisha, mwaka 1784, matofali yenyewe yakatozwa kodi kwa hesabu ya kila elfu moja, na bwana mmoja wa Measham aitwaye Joseph Wilkes akaanza kufyatua matofali makubwa kama mikate miwili, ili alipe kwa idadi ndogo. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1850. Mtu mwenye jicho la mwashi anaweza kusimama mbele ya ghala la shamba na kusoma sheria za Bunge katika kimo cha safu zake.

Nilitaka zaidi kujua udongo ulitoka wapi. Mwenyeji wangu alinichukua nyuma ya zizi, akanionyesha bwawa dogo lililozungukwa na miti, ambalo bata waliogelea juu yake, akasema, "Nyumba ilitoka humu." Kumbe ndivyo ilivyokuwa katika mashamba mengi: udongo ulichimbwa hapo hapo wakati wa kupukutika majani, ukaachwa wazi baridi kali ya kipupwe iuvunjevunje, ukakandwa katika majira ya kuchipua, ukafyatuliwa kwa kibao na kuanikwa, kisha ukapangwa kuwa tanuri na kuchomwa kwa kuni, na shimo likajaa maji, likanywesha ng'ombe. Nikakumbuka mabonde yetu ya Rwanda, ambamo watu huchimba udongo wa kinamasi, wakaukanyaga kwa miguu, wakaufyatua, wakayafunika matofali mabichi kwa majani jua lisiyapasue, na hatimaye wakajenga tanuri kama nyumba isiyo na mtu, wakaikandika udongo nje na kuilisha magogo ya mikaratusi kwa siku kadha, usiku na mchana, mtu mmoja akikesha mlangoni mwa moto. Lugha ya Kinyarwanda huliita itafari, nasi kwa Kiswahili huliita tofali, na lile lisilochomwa, lililokaushwa kwa jua tu, wenyewe huliita rukarakara. Baba alipopokea matofali ya kuchoma hakuyatazama kwanza. Aliyashika mawili akayagonganisha karibu na sikio, na lile lililolia kama kengele alilikubali, lile lililonyamaza alilitupa kando. Nilifanya vivyo hivyo bwawani, kwa vipande viwili nilivyookota matopeni, na vililia.

Ukuta wa nyumba ile ulikuwa umepangwa kwa taratibu waitayo ya Kiingereza: safu moja matofali yamelala kwa urefu wake, yakionyesha mbavu, na safu inayofuata yamelala kwa kuukatiza ukuta, yakionyesha vichwa tu, hivyo kila safu ya vichwa inaushika uso wa nje na uso wa ndani pamoja, kama vidole vya mikono miwili vilivyopandana. Ipo na taratibu nyingine, waliyoiita ya Flanders, ambamo kichwa na ubavu hupishana katika safu ile ile, nayo ni nzuri zaidi kwa macho na ikapendwa sana baadaye. Lakini waashi husifu ile ya kwanza kwa nguvu. Baba yangu hakujua jina la mojawapo. Alizijua zote mbili kwa mikono, aliiita kazi hiyo kufunga ukuta, na alikuwa akisema kuwa ukuta usiofungwa ni kuta mbili zinazongojea kuachana.

Na katikati ya matofali ilikuwa chokaa. Hapa naomba radhi nikae kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Upande wa kaskazini wa nyumba ile, fundi mmoja wa miaka ya karibuni alikwangua chokaa ya kale iliyolegea akaijaza saruji, kwa nia njema kabisa. Na baada ya vipupwe vichache, nyuso za matofali zikaanza kubanduka kama maganda ya vidonda, saruji ikibaki imesimama peke yake mfano wa wavu mtupu. Chokaa ni laini kuliko tofali na hupitisha unyevu. Ukuta ukinywa mvua, hupumua maji yake kupitia kwenye chokaa, na palipo na kuharibika ni chokaa inayoharibika, nayo hutiwa upya kwa gharama ndogo. Saruji ni ngumu na imeziba, basi maji hutafuta njia kupitia tofali, yakiganda kwa baridi hulipasua. Wazee wa pwani ya Waswahili walilijua hilo bila kufundishwa na mtu wa Suffolk: walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakaiacha ikae muda mrefu ndipo waitumie, na majumba ya mawe ya Lamu na Unguja yaliyosimama kwa chokaa hiyo leo huugua maradhi yale yale kila yanapopakwa saruji. Hata vipimo vyao vilikuwa vya jamaa moja. Mwenye nyumba wa Lamu hakuweza kupata chumba kipana kuliko urefu wa boriti la mkoko, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Mkulima wa Suffolk hakuweza kupita urefu wa mwaloni wake. Kila mmoja aliambiwa na mti mahali pa kukomea, akatii, na katika utii huo zikapatikana nyumba zenye kiasi kizuri kilichopendeza jicho hata la mtu asiyejua kwa nini.

Huku kwetu mti na udongo vilikuwa na mshirika wa tatu, nalo ni jiwe jeusi. Toka Gisenyi kwenda Mutura na kupanda kuelekea mlima Karisimbi, nchi ni ya amakoro, yaani mawe yaliyomwagwa na milima ya moto, na mtu hawezi kutia jembe bila kuligongesha; kwa hiyo misingi yetu na nyua zetu ni nyeusi, na tofali jekundu, lililobebwa kutoka mabondeni, huanza juu ya weusi huo. Mapadre Weupe walipofungua misheni ya Nyundo mwaka 1901, na wengine wa jamaa yao walipojenga Kabgayi, walileta desturi ya tanuri na kibao, na watu wa nchi wakajifunza kwao kazi hiyo. Wengi walijifunza wakiwa na mzigo kichwani, kwa maana chini ya utawala wa Wabelgiji kulikuwapo kazi ya lazima iliyoitwa akazi, na nani awezaye kuhesabu ni kuta ngapi nzuri za nchi hii zilipandishwa kwa migongo isiyolipwa. Nalisema hili bila kupunguza sifa ya kuta hizo. Ukuta uliofungwa vema unastahili sifa, na aliyebeba matofali yake anastahili kutajwa kabla ya yule aliyelala ndani.

Baada ya mapadre walikuja walima pareto, lile ua jeupe la kuulia wadudu, ambalo hupenda baridi na kimo. Mutura ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na mtu aliyetoka ufukweni Gisenyi amevaa shati jepesi hutetemeka huko jioni. Kwa hiyo wageni waliojenga nyumba za mashamba katika miteremko ile walisimamisha dohani kwa haki kabisa, ingawa yaweza kuwa kumbukumbu ya kwao nayo ilishika mwiko. Nyumba ijulikanayo kupita zote ni ile ya Mugongo, ya mama mmoja Mmarekani aliyeitwa Rosamond Carr, aliyefika Kongo mwaka 1949 pamoja na mumewe Mwingereza, kisha, ndoa ilipokwisha, akahamia Mugongo mwaka 1955, akalima pareto na maua, akapanda bustani kwa namna ya Kiingereza na kuishi humo, isipokuwa nyakati alizolazimika kuihama, sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki. Watu waliokwenda kuitazama husifu bustani, na kweli yasifika. Lakini mimi, mwana wa mwashi, moyo wangu huenda kwenye nyumba ya pili, ile ya kukaushia pareto, isiyo na pambo lolote.

Maua ya pareto yakichumwa yana maji mengi, nayo huoza upesi. Hivyo kila shamba lilikuwa na nyumba ya kukaushia, yenye moto wa chini na hewa ya moto inayopita kati ya matandiko ya maua, na joto lake lilipimwa kwa uangalifu kuliko la chumba cha bwana, kwa maana humo ndimo mavuno yalimopona au kupotea. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Rosamond Carr alirejea, akiwa na umri wa miaka 82, akaikuta nyumba yake imeporwa. Na tarehe 17 Disemba mwaka ule ule akafungua makao ya watoto yatima, akayaita Imbabazi, ndani ya nyumba ile ya kukaushia pareto. Nimewaza mara nyingi juu ya uchaguzi huo. Kwa hisabati ya kawaida ilikuwa nafasi tu, jengo kubwa lililobaki na paa. Kwa jicho la baba yangu ilikuwa ndiyo nyumba pekee katika shamba zima iliyojengwa kwa kazi ya kulinda kitu dhaifu kwa joto. Mama huyo alifariki mwaka 2006, akiwa na miaka 94.

Mei 22, 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka usiku, mto wa moto ukashuka upande wa Goma, na kwa siku kadha baadaye ardhi ya Gisenyi ilitetemeka mara zisizohesabika, watu wakalala nje penye majani, na nyumba nyingi zikapasuka. Ya kwetu ilikuwa miongoni mwao. Baba hakuwapo tena. Fundi kijana niliyemwita alitazama ufa uliopanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha hata kwenye mkanda wa zege ambao mafundi huuita linta, akanishauri kwa heshima tubomoe vyote tusimamishe bloku. Nami nilimwomba kwanza tubandue lipu. Tulipoibandua, mambo yakawa dhahiri kama maandishi. Sehemu iliyoongezwa miaka ya baadaye na fundi mwingine, ambayo matofali yake yamelazwa kwa ubavu tu, safu moja nyembamba, ilikuwa imepasuka toka chini hata juu. Na ufa ule ulipofika kwenye ukuta wa baba, uliofungwa kwa vichwa katika kila safu ya pili, uliingia kadiri ya matofali mawili ukakoma. Kijana yule alipitisha kidole chake juu ya mahali ulipokomea, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mzee alijua." Hatukubomoa. Tuliishusha sehemu nyembamba, tukaijenga upya kwa kufunga, na kwa kuwa jiko letu la nje lilikuwa limeanguka lote, nilimwomba ajenge jipya lenye dohani ya matofali, nikamchorea juu ya karatasi mfano wa ile niliyoiona Suffolk, pamoja na shubaka la chumvi.

Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mto Sebeya ulifurika. Katika mikoa ya Magharibi, Kaskazini na Kusini walifariki watu zaidi ya 120, na bondeni, nyumba za rukarakara ziliyeyuka na kurudi kuwa udongo na wenye nyumba wamo ndani. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tofali la kuchoma ni ghali, na kuni zake hula misitu ambayo ikiisha huleta mafuriko hayo hayo. Mtu asidhani kuwa jambo hili lina jibu jepesi.

Bibi yangu yule wa Bugoyi alikuwa na desturi yake naye. Jua likikaribia kuchwa, alisimama langoni akatazama mgongo wa kilima cha pili, na kwa kuwa moshi ulijipenyeza katika kila paa la nyasi, alizihesabu nyumba kwa moshi wake. Na kwenye nyumba isiyofuka alituma mtoto apeleke kikapu cha viazi na maharagwe kilichofunikwa kwa jani la mgomba, akiagizwa aseme kuwa kwetu tumepika kupita kiasi. Mama yangu alirithi jambo hilo kama wengine warithivyo bangili. Jioni ya kwanza tulipowasha jiko jipya, tulimtolea kiti uani, naye akauona moshi ukitoka juu ya dohani, umenyoka, mstari mmoja, akautazama muda mrefu. Kisha akageuka kilimani, akanyosha mkono wake.

"Mwanangu, nyumba ile yenye mabati mekundu haifuki."

Nikamweleza kuwa wale wanapikia gesi, na gesi haina moshi.

Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kukubali. Halafu akamwita mjukuu wake, akamwambia achukue bakuli lenye kifuniko, avuke akawajulie hali.